Mwongozo wa Maafa Tangu Siku za Bazaar: Historia Fupi kwa Wanachama na Wazee

Katika mkutano wetu mkuu wanachama waliomba kwamba taarifa ya mwaka huu iwe na sura moja ya historia juu ya jambo linalotugusa sote, yaani mwongozo wa Taifa wa kukabili maafa: ulitoka wapi, umesahihishwa mara ngapi, na una neno gani kwa mtu akaaye Kawangware 56 au Kibera. Sababu ya ombi hilo haihitaji maelezo marefu. Atakayefungua kurasa za mwekahazina ataona kwamba fungu la waliounguliwa na nyumba sasa limesimama bega kwa bega na fungu la mazishi. Chama kilichoundwa ili kuzika wafu kwa heshima chatumia fedha zake kuwanunulia wazima magodoro, sufuria na sare za shule. Basi yafaa kuuliza Serikali nayo imejifunza nini katika miaka hii yote, na nani ameandika aliyojifunza.

Habari zaanza mwaka 1902, wakati reli ilikuwa imefika Nairobi miaka 3 tu iliyotangulia. Tauni ilizuka katika Bazaar ya Wahindi, na amri ya wakubwa wa siku zile ilikuwa fupi: Bazaar ichomwe moto. Ikachomwa, na waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa. Hapo twauona mwongozo wa kwanza wa maafa katika mji huu, hata kama haukupata kuandikwa kitabuni. Hatari ikionekana palipo na watu wadogo, ondoa watu pamoja na nyumba zao. Msomaji na auweke akilini mwongozo huo, maana tutakutana nao tena kabla ya kufika mwisho.

Mitaa yetu hii miwili ilizaliwa kwa njia mbalimbali. Kibera ilianza kama ardhi ya jeshi. Askari wa Kinubi wa King's African Rifles walipewa ruhusa ya kukaa katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe, Kibra, ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Lakini ruhusa haikuwa hati. Kwa kuwa hawakuwa na hati, nyumba zao zilihesabiwa kuwa za muda. Na nyumba ya muda haichorewi barabara wala haipelekewi bomba kubwa la maji. Kawangware ilikuwa sehemu ya Dagoretti katika Wilaya ya Kiambu, mashamba ya watu wenyewe, mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963 ikawa mtaa wa jiji. Wenye mashamba walikuwa na hati zao, wakajenga vyumba vya kupangisha, mabati kwa mbao, safu kwa safu, hata ukuta wa huyu ukagusana na ukuta wa jirani. Ajabu ni kwamba aliyenyimwa hati na aliyepewa wamefika mahali pamoja: gari la wazimamoto halipiti.

Neno lenyewe la hatari nalo lina historia, na wazee wataniwia radhi nikiwakumbusha mambo ambayo wengi wao waliyasikia kwa wazazi wao, na wachache waliyaona kwa macho. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Sir Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, na haikuondolewa mpaka Januari 1960. Tarehe 24 Aprili 1954 jiji lilizingirwa na askari katika Operesheni Anvil. Maelfu ya watu walikamatwa, wakapangwa mistari, wakapelekwa Langata, Manyani na Mackinnon Road. Katika Wilaya ya Kiambu, ambayo Dagoretti ilikuwa ndani yake, watu walitolewa mashambani mwao wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi. Kwa hiyo, katika masikio ya watu wa huku, emajensi ilikuwa na maana ya kafyu, kipande, na askari mwenye orodha ya majina. Hapana aliyefikiria kwamba neno hilo lingeweza kuwa na maana ya ndoo ya maji.

Jambo hili si la kupitwa haraka, kwani sheria hufuata maneno. Sheria ya Kuhifadhi Usalama wa Umma, iliyowekwa mwaka 1960 ili kushika mahali pa amri za Hali ya Hatari, ilirithiwa na nchi huru pamoja na ofisi zake: Chifu, DO, DC na PC. Ofisi hizo zilikuwa na ujuzi mwingi wa kulinda Serikali isidhuriwe na watu. Ujuzi wa kulinda watu wasidhuriwe na moto, mafuriko au jumba bovu ulikuwa haba, na kwa miaka mingi hapana kitabu kilichowafundisha. Palikuwa na ujuzi wa aina moja tu uliokuwa mkubwa, nao ni wa njaa. Mafuriko ya mwaka 1961 na ukame wa 1984 yaliifundisha Serikali kugawa chakula, na mwaka 1984 kazi hiyo ilifanywa kwa sifa. Chama cha Msalaba Mwekundu nacho kilikuwa kimewekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, baada ya kuwa tawi la chama cha Uingereza. Lakini moto wa mtaa ulibaki kuwa shauri la baraza la jiji na kituo chake cha wazimamoto huko katikati ya mji, mtaa unaoitwa leo Tom Mboya Street.

Mwishoni mwa mwaka 1997 ikaja mvua ya El Niño. Madaraja yalikatika, barabara zilimezwa, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo huko kaskazini mashariki. Wizara kila moja ilikuwa na habari zake, wala hapana mahali pamoja ambapo mtu angeweza kupiga simu akaambiwa nchi imefikwa na nini. Ndipo tarehe 20 Januari 1998 ikaundwa ofisi ya Kituo cha Taifa cha Shughuli za Maafa, ikapewa vyumba katika Nyayo House. Hiyo ndiyo ofisi ya kwanza iliyowekwa kwa kazi hiyo, na wazo lake lilikuwa jema: mahali pamoja pa kupokea habari, usiku na mchana.

Kituo kile kilikuwa hakijatimiza miezi 7. Tarehe 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, bomu lilipasuka kwenye Ubalozi wa Marekani, pembeni mwa Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka lote. Watu 213 walikufa katika Nairobi, na maelfu walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo. Kwa sababu walikuwa wamesikia mshindo wa kwanza wakaenda madirishani kutazama, na mshindo mkubwa ukawakuta hapo. Saa ile ile watu 11 walikufa katika Dar es Salaam kwa bomu lingine.

Yaliyofuata katika Nairobi yanastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa miongozo yote iliyoandikwa baadaye yatoka hapo, hata ile isiyosema hivyo. Waliofika kwanza walikuwa wapita njia. Makarani, wachuuzi, makanga wa matatu na walinzi wa milango waliparamia kifusi wakachimba kwa mikono. Matatu zilibeba majeruhi bila nauli, na nyingi ziliwapeleka Hospitali Kuu ya Kenyatta, hata vijia vya hospitali vikajaa huku hospitali nyingine zikingoja. Ushujaa ulikuwa mwingi. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema: wewe chimba hapa, wewe nyamaza tusikie wanaogonga chini, wewe zuia umati, na gari hili liende hospitali nyingine. Polisi walikuwapo, jeshi lilikuwapo, wazimamoto walikuwapo, na kila mmoja alikuwa na mkubwa wake. Kikosi cha waokoaji kilikuja kutoka Israeli, chenye mbwa na vyombo, na jambo lao la kwanza kuonekana tofauti halikuwa vyombo. Walinyamazisha mahali pale, wakagawana kazi.

Wazee walisema zamani kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wamarekani walilipata fundisho hilo katika moto wa msituni. Mwaka 1970 jimbo la California liliungua siku 13, watu 16 wakafa, na uchunguzi ulionyesha kwamba wazimamoto walikuwa wengi wa kutosha lakini kila idara ilitumia majina yake, redio zake na amri zake. Kutokana na hayo walitunga utaratibu ambao umeenea ulimwenguni. Katika kila tukio huwapo mkuu mmoja, naye huwa mkuu kwa kazi wala si kwa cheo; mkubwa kuliko yeye anaweza kufika na kupokea uongozi, lakini kwa kukabidhiwa waziwazi, si kwa kupaza sauti. Chini yake mmoja hushika shughuli za mahali penyewe, mmoja hupanga, mmoja hutafuta vifaa na chakula, mmoja huandika fedha. Kila kiongozi husimamia watu 3 hadi 7, na 5 ndiyo hesabu iliyopendelewa. Husemwa maneno ya kawaida, si ya mafumbo. Mwaka 2004 utaratibu huo ulifanywa kuwa mwongozo wa taifa lao zima, ukasahihishwa mwaka 2008 na tena mwaka 2017. Nchi yenye mali nyingi kama ile haikuona haya kurudia kitabu chake.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Niliposoma utaratibu huo mara ya kwanza niliona kwamba sisi tunao. Mwanachama anapofiwa, je, hatufanyi vivyo hivyo? Mwenyekiti wa matanga ni mmoja, hata kama amekuja waziri. Yuko wa turubai na viti, yuko wa sufuria, yuko wa basi la kwenda nyumbani Vihiga au Murang'a au Kitui, na yuko mwenye daftari la michango ambaye hatoi shilingi bila kuandika. Hakuna aliyetufundisha kwa vitabu. Vyama vya Waafrika vya Nairobi vilikuwa vikisafirisha wafu wao na kuwalea yatima tangu zamani za ukoloni, pasipo msaada wa mtu. Ni ajabu basi kwamba matanga huenda kwa utulivu kama ule, na moto ukizuka watu wale wale wanakimbiana vichochoroni, huyu akivunja ukuta ambao yule anajaribu kuukinga.

Turudi kwenye historia. Mwaka 2009 ulianza vibaya. Tarehe 28 Januari duka kubwa katikati ya Nairobi liliungua na watu 29 wakaangamia. Siku 3 baadaye, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 100 wakafa kwa moto. Mwaka huo huo ukatolewa Mpango wa Taifa wa Kukabili Maafa. Sera yenyewe, iliyopasa kutangulia mpango, ilikaa rasimu kwa miaka mingi, ikipita meza hii na meza ile. Mjenzi aliyeezeka kabla ya kusimamisha nguzo angeeleweka vizuri na maofisa wa wakati ule.

Katiba ya mwaka 2010 iliongeza jambo jingine. Katika Jedwali la Nne, kazi ya maafa imetajwa mara 2: Serikali ya Taifa imepewa udhibiti wa maafa, na serikali za kaunti zimepewa uzimaji wa moto pamoja na udhibiti wa maafa. Waliotunga walikuwa na nia njema, kwani maafa mengine ni ya mtaa na mengine ni ya nchi nzima. Lakini mstari wa kugawa haukuchorwa. Moto ukianza Gatina, gari la wazimamoto ni la kaunti, polisi ni wa Taifa, Chifu ni wa Taifa, zahanati ni ya kaunti, na bomba la maji ni la kampuni ya kaunti. Kwa sheria wote wana haki ya kuja. Nani atangulie kusema, sheria haikutamka.

Kabla kaunti hazijaanza kazi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba kuu ikaingia mtaroni katika kijiji cha Sinai, Mukuru. Watu walikwenda na madebe. Zaidi ya 100 walikufa. Wako wenye kuwalaumu marehemu wale kwamba walikuwa wajinga, mimi siwalaumu. Sachangwan ilikuwa imetangazwa kila redio miaka 2 tu iliyotangulia, na bado hapana mtu aliyekwenda Sinai kukaa na wazee wa kijiji akawaeleza nini kipo chini ya miguu yao na wafanye nini harufu ikitokea. Mpango wa 2009 ulikuwapo. Ulikuwa Nyayo House.

Mwaka 2013 ulileta mambo mawili. Mwezi Agosti uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliungua, na tarehe 21 Septemba watu wenye silaha wakaingia katika jengo la maduka la Westgate, wakaua watu 67. Waliokuwa wa kwanza kuingia kuokoa watu walikuwa polisi wachache wasio na sare na raia wenye bunduki za leseni. Baadaye vikosi vya polisi na vya jeshi vilikutana ndani bila mkuu mmoja, na ofisa mmoja wa polisi aliuawa kwa risasi ya upande wake mwenyewe. Shughuli ile ilichukua siku 4. Mwaka huo ikaundwa idara nyingine, Kitengo cha Taifa cha Udhibiti wa Maafa, na kituo cha 1998 kikabaki pale pale. Tena ilikuwako Mamlaka ya Taifa ya Kukabili Ukame tangu 2011. Ofisi zikawa 3. Mwaka 2014 ukatolewa Mpango wa Taifa wa Kukabili Dharura pamoja na taratibu zake za kazi, na kwa haki lazima isemwe kwamba mpango huo ulikuwa bora kuliko uliotangulia, kwa kuwa ulijaribu kutaja nani ni mkuu wa tukio na nani ni wa kumsaidia. Matunda yake yalionekana. Tarehe 15 Januari 2019 hoteli ya DusitD2 iliposhambuliwa, watu 21 waliuawa, lakini vikosi vilifanya kazi chini ya uongozi uliojulikana, mamia ya watu wakatolewa wazima, na asubuhi ya pili shughuli ilikuwa imekwisha. Aliyelinganisha siku 4 na usiku mmoja aliweza kuona faida ya kusahihisha kitabu.

Lakini tazameni kilichofika mtaani kwetu kutokana na mwaka ule wa Westgate. Kilikuwa Nyumba Kumi, iliyoigwa kwa majirani zetu wa Tanzania. Tuliambiwa tujuane, tuandike wageni, tumwambie Chifu tukimwona mtu tusiyemfahamu. Hilo si baya. Walakini katika Nyumba Kumi hapakuwa na neno juu ya ndoo, ngazi, mitungi ya gesi, au mlemavu anayelala chumba cha mwisho. Ni lile neno la 1952 limevaa kanzu mpya: hatari ni mtu, kwa hiyo mlinde Serikali dhidi yake.

Hivi ndivyo tulivyofika katika miaka ya karibu. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba 2019, hapa jirani Ngando, kando ya Ngong Road, madarasa ya juu ya shule moja ya kibinafsi yaliporomoka juu ya watoto waliokuwa chini. Watoto 8 walipoteza maisha na wengine wengi walijeruhiwa. Kama ilivyokuwa 1998, waliofika kwanza walikuwa majirani na wazazi, wakainua mbao na zege kwa mikono. Umati uliokuja kutazama ulijaza njia, hata waliokuja na magari ya wagonjwa wakawa na kazi ya kwanza ya kupata mahali pa kupita. Miaka 21 ilikuwa imepita, na kosa lilikuwa lile lile: njia haikuwa na mwenyewe.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa korona. Kamati ya Taifa iliundwa mwezi Februari 2020, kafyu ikaanza tarehe 27 Machi, na tarehe 10 Aprili huko Kibera watu walikusanyika kwenye ofisi ya Serikali kupokea chakula cha msaada. Mistari haikuwa imepangwa na wazee, majina hayakuwa yameandikwa kichochoro kwa kichochoro, umati ukasukumana, polisi wakatupa moshi wa machozi, watu wakakanyagwa. Baadaye msaada mwingi ulipelekwa kwa fedha za simu. Wanachama wetu wa Laini Saba na Gatwekera waliokuwa wakigawa unga wa chama kwa orodha siku zile zile, mlango kwa mlango, hawakuhitaji hata filimbi. Sisemi hivyo ili kujisifu. Unga ulikuwa kidogo. Nasema kwa sababu orodha ilikuwapo, nayo iliandikwa na watu wanaojua nani anakaa wapi.

Liko neno lingine ambalo halipendezi kuandikwa katika taarifa ya chama chenye watu wa makabila mengi, lakini historia isiyolitaja itakuwa na pengo. Moto mwingine huwashwa. Mwanzoni mwa 2008 soko la Toi liliteketea katika ghasia za uchaguzi na reli ya Kibera ikang'olewa. Oktoba 2017 maduka na nyumba zilichomwa huku huku Kawangware. Katika moto wa namna hiyo mkuu wa tukio hatoshi kuwa na cheo. Lazima awe mtu ambaye pande zote mbili zitamsikiliza akisema pisheni. Mtu huyo hapatikani siku ya moto. Huwa amejulikana miaka mingi kwa kuzika wafu wa kila upande.

Ndugu zetu wa Tanzania wametangulia katika jambo moja. Baada ya meli ya MV Bukoba kuzama mwaka 1996, na MV Spice Islander kuzama katika bahari ya Zanzibar mwaka 2011, waliweka sheria ya usimamizi wa maafa mwaka 2015, wakaibadili kwa sheria mpya mwaka 2022. Wao wana kamati kutoka taifa hadi mkoa, wilaya, kata, na kijiji au mtaa. Sidai kwamba kila kamati ya mtaa huko hukutana. Mwenye kuijua Afrika Mashariki hatadai hivyo. Lakini mzee wa mtaa wa Dar es Salaam akiuliza kama yumo katika sheria, anaweza kuonyeshwa mahali. Kwetu miswada imepelekwa Bungeni zaidi ya mara moja, mmoja wao ukiwa wa mwaka 2023.

Kisha zikaja mvua za Machi hadi Mei 2024. Karibu watu 300 walikufa katika nchi nzima. Huko Mai Mahiu maji yalishuka usiku kwa nguvu yakabeba nyumba na watu ndani yake. Hapa Nairobi, Mathare ilifunikwa. Serikali iliamuru waliokaa karibu na mabwawa na mito wahame, baadhi yao kwa muda wa saa 24, na katika mitaa ya kando ya mito tingatinga zikaja kubomoa. Waliobomolewa waliahidiwa shilingi 10,000 kila nyumba. Siwezi kusema kwamba kukaa ukingoni mwa mto ni salama. Wala siwezi kuacha kusema kwamba mwongozo uliotumika Mathare mwaka 2024 ulifanana mno na ule wa Bazaar wa mwaka 1902, pamoja na vitabu vyote vilivyoandikwa katikati.

Kwa hiyo mwongozo huu unapopitiwa upya, Halmashauri imeona kwamba Chama kina haki ya kutoa maoni yake kwa maandishi, maana Katiba yenyewe imeweka ushiriki wa wananchi. Katika maoni hayo tumeomba kwanza mwongozo utolewe kwa Kiswahili na usomwe barazani, kwani wanachama wachache waliopata kuuona waliuona kwa Kiingereza. Tumeomba pia itajwe wazi kwamba, tangu moto uonekane mpaka gari la kwanza lifike, mkuu wa tukio ni mtu wa mtaa aliyechaguliwa mapema na jina lake kuandikwa kwa Chifu na kwa wazimamoto. Na kwamba ofisa atakayefika asimsukume pembeni, bali apokee kwake habari za nani ametoka na nani bado yumo, kisha ndipo apokee uongozi. Wako wajumbe waliosema ombi hili ni kubwa mno, kwamba askari hatapokea habari kwa muuza mboga. Mjadala ulikuwa mkali, ukaamuliwa kwa kura.

Wakati tukingoja majibu, kazi ya mtaa imeanza. Vijana wa chama wanapima kwa kamba upana wa kila kichochoro kutoka kituo cha 56 hadi Gatina, wakiandika bomba la maji liko wapi, nguzo ya umeme iliyoinama iko wapi, na ni mlango gani una mtu asiyeweza kutembea. Ndugu zetu wa Kibera wataanza na Laini Saba. Ramani zikimalizika, nakala moja itapelekwa kwa Chifu, moja kwa wazimamoto, na moja itabandikwa katika chumba cha mikutano, karibu na daftari la mazishi.